Wakianguka wote wawili, mshindi ni nani?

Ndugu msomaji, watu wawili wanapopigana mbele ya macho yetu, wengi wetu huamini kwamba ugomvi umekwisha pale mmoja anapoangushwa. Watazamaji hupiga makelele, aliyeangusha hutamba, naye aliyeanguka huhesabiwa kuwa ameshindwa. Hata katika mieleka ya watoto mchangani, yule ambaye mgongo wake umegusa chini hujikung'uta mchanga na kukubali kwamba zamu yake imekwisha. Lakini je, iwapo aliyeanguka hakubali? Na iwapo wote wawili wameanguka pamoja, wameshikana, na hakuna mtu wa kuwaamua? Hapo mshindi atajulikanaje?

Swali hilo limewashughulisha walimu wa michezo ya kujihami kwa zaidi ya miaka 100, hasa katika nchi za Japani na Brazil. Jibu walilolipata silo lile ambalo wengi wangelitarajia. Mshindi wa ardhini si lazima awe mwenye misuli mikubwa, wala mwenye hasira nyingi, wala yule anayewahi kutupa ngumi. Mshindi ni yule aliyepata mahali panapofaa. Akishapapata, nguvu zake chache humtosha. Na asipopapata, nguvu zake nyingi humwishia bure.

Makala haya yanakusudia kukueleza mahali hapo ni wapi, hupatikanaje, na kwa nini elimu hii yafaa kujulikana na baba, mama na vijana wa mjini, hata wale ambao hawatakanyaga mkeka wa mashindano maishani mwao.

MTU MFUPI WA TOKYO

Mwaka 1882 kijana mmoja wa Kijapani aitwaye Jigoro Kano alifungua chuo kidogo cha mazoezi katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Alianza na wanafunzi 9 na mikeka 12 tu. Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mfupi na mwenye mwili mdogo, na alipokuwa shuleni wenzake wenye miili mikubwa walikuwa wakimwonea. Ndipo alipowatafuta walimu wa jujutsu, yaani mapigano ya mikono mitupu yaliyorithiwa kutoka kwa askari wa kale wa Japani, ili ajifunze jinsi mnyonge anavyoweza kumshinda mwenye nguvu.

Kano hakuridhika na kujifunza tu. Aliondoa katika elimu hiyo mambo yenye hatari kubwa, akabakiza yale ambayo watu wawili wanaweza kuyafanyia mazoezi kwa nguvu zao zote bila ya kutiana vilema. Mchezo wake akauita judo, maana yake njia ya ulaini. Aliujenga juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kutumia nguvu kwa namna iliyo bora kabisa. Ya pili ni kunufaishana, wewe na mwenzako, ili wote wawili mwendelee. Chuo chake, Kodokan, kingali hai mjini Tokyo hadi leo.

Judo ina sehemu mbili kubwa. Sehemu ya kwanza ni ya kusimama, na ndiyo inayopendwa na watazamaji, kwa kuwa mtu huinuliwa na kutupwa kwa kishindo. Sehemu ya pili ni ya ardhini. Huko kuna mambo matatu: kumbana mpinzani chini, kumpiga kabali, na kumkunja kiungo cha mkono. Kati ya mambo hayo matatu, kubana ndiko mama wa mengine yote. Asiyeweza kumtuliza mwenzake chini hawezi kumpiga kabali, wala hapati nafasi ya kuukunja mkono wake.

SEKUNDE 30 ZILIZOISHTUA JAPANI

Kama wataka kuona uzito wa jambo hili, ndugu msomaji, hebu tutazame yaliyotokea tarehe 23 Oktoba, 1964. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na judo iliingizwa humo kwa mara ya kwanza. Palikuwa na nishani nne za dhahabu. Wajapani walikuwa wamekwisha kuchukua tatu. Ya nne ilikuwa ya wazi kwa watu wa uzito wowote, nayo ndiyo waliyoitamani kuliko zote, maana ilikuwa ndiyo ya kuonyesha nani bingwa wa mabingwa. Katika jengo la Nippon Budokan wakakutana Akio Kaminaga wa Japani na Anton Geesink wa Uholanzi.

Geesink alikuwa mtu wa Utrecht, mrefu wa karibu mita 2, naye alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1961. Walishikana kwa karibu dakika tisa bila ya mmoja kumtupa mwenziwe. Kisha Kaminaga akajaribu kushambulia, asifaulu, na kufumba na kufumbua wote wawili wakawa chini. Geesink hakupiga wala hakukimbilia kuuvunja mkono. Aliketi ubavuni mwa Kaminaga, akaukumbatia shingo na mkono, akatandaza miguu yake, akatulia. Kwa sheria za wakati ule, ushindi kamili ulihitaji kumbana mtu chini kwa muda wa sekunde 30. Saa ikahesabu. Kaminaga akapinda mgongo, akasukuma, akageuka huku na huku. Yote hayakufaa kitu. Kengele ikalia, na Wajapani ukumbini wakashikwa na simanzi.

Waholanzi waliokuwapo wakataka kukimbilia mkekani kwa furaha. Geesink, angali bado chini, akainua mkono kuwazuia. Kisha akasimama, na wote wawili wakainamiana kwa heshima kama ada ya mchezo inavyotaka. Wajapani wengi walimheshimu mtu yule tangu siku hiyo. Aliichukua nishani yao, lakini hakuichezea heshima yao.

Tazama basi, msomaji. Nishani iliyotamaniwa kuliko zote haikupatikana kwa kutupa wala kwa kuumiza. Ilipatikana kwa mtu kukaa mahali panapofaa kwa nusu dakika. Siku hizi muda huo umepunguzwa, na sekunde 20 zatosha kwa ushindi kamili.

JE, KAMA NI MDOGO?

Huenda utasema: Geesink alishinda kwa sababu alikuwa jitu. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake lipo ng'ambo ya Atlantiki.

Mwaka 1914 mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, aliwasili Brazil baada ya kuzunguka nchi nyingi akipigana na mabondia na wanamieleka. Baadaye alifanya maskani yake katika mji wa Belem, karibu na mlango wa mto Amazon, na huko akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Carlos naye akawafundisha ndugu zake. Mdogo wao Helio alikuwa na mwili mwembamba, na kwa hiyo aliukazania mchezo wa ardhini, hasa namna ya mtu aliye chini kujilinda kwa miguu yake. Mchezo huo hujulikana leo kama jiu-jitsu ya Brazil.

Kuwa na elimu hiyo hakumfanyi mtu asishindwe. Tarehe 23 Oktoba, 1951, katika uwanja wa Maracana mjini Rio de Janeiro, Helio alipambana na bingwa mkubwa wa judo, Masahiko Kimura, aliyemzidi sana kwa uzito. Kimura alimbana chini, akaukunja mkono wake kwa nyuma, na watu wa upande wa Helio wakatupa taulo kuashiria kusalimu amri. Wabrazil hawakuona haya. Mkunjo ule wa mkono wakaupa jina la yule aliyewashinda, na hadi leo huitwa Kimura. Huo ni uungwana wa kimichezo unaofaa kuigwa.

Mtoto wa Helio, Royce Gracie, alipeleka elimu hiyo mjini Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba, 1993, katika mashindano yaliyowakutanisha watu wa michezo mbalimbali ya kupigana. Royce hakuwa mtu wa kutisha kwa umbo. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa bondia, Art Jimmerson, aliyeingia ulingoni amevaa glovu moja tu. Royce alimwangusha, akamkalia kifuani, akakaza magoti. Jimmerson akapiga mkono chini kuonyesha kwamba amesalimu amri. Hakuwa amepigwa kabali, wala mkono wake haukuwa umekunjwa. Alishindwa na mahali alipokuwa. Usiku huohuo Royce akawashinda wengine wawili, akatwaa ubingwa.

NGAZI YA MAHALI

Sasa tuingie katika elimu yenyewe. Tuseme umeanguka pamoja na mpinzani wako. Yeye amelala chali, nawe uko juu, katikati ya miguu yake, ambayo ameifunga kiunoni mwako. Asiyejua atasema wewe umeshinda. Anayejua atasema bado hujapata kitu, maana umesimama mbele ya lango la ngome tu. Miguu ya binadamu ina nguvu kuliko mikono yake, na maadamu miguu hiyo ipo kati yenu, yeye aweza kukusukuma, kukuvuta, kukupindua, hata kukukaba shingo kwa mapaja yake.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuivuka miguu. Wanyooshe mgongo, wabana viwiko karibu na mbavu, waifungua miguu yake na kupita upande mmoja. Usiache mkono mmoja ukazama ndani peke yake, maana mkono mpweke hutekwa. Katika mashindano ya jiu-jitsu ya Brazil, mwenye kuivuka miguu hupewa pointi 3.

Ukisha kuvuka, unafika ubavuni. Hapa wamlalia mpinzani wako kifua kwa kifua, miili yenu ikikatana kama msalaba. Mkono wako mmoja hupita chini ya shingo yake, na wa pili hupita chini ya kwapa lake la upande wa mbali. Bega lako hukaa shavuni mwake na kumgeuza uso. Jambo hilo la mwisho ni dogo kwa kutazama, lakini lina maana kubwa: kichwa kikielekea huku, mwili hauwezi kugeukia kule.

Kutoka ubavuni waweza kuinuka na kumwekea goti tumboni, jambo lenye pointi 2. Au waweza kupitisha mguu na kumkalia kifuani kama aliyepanda punda, magoti yakipanda hadi kwapani mwake. Hapo pana pointi 4. Mahali pa mwisho, napo pana pointi 4, ni mgongoni: kifua chako kimegandamana na mgongo wake, nyayo zako zimejitia ndani ya mapaja yake, mkono mmoja umepita juu ya bega lake na mwingine chini ya kwapa. Mpinzani wako hakuoni, na mikono yake yaelekea mbele, mahali ambapo wewe hupo.

Kila mahali palipotajwa, sharti upashike kwa sekunde 3 ndipo pointi zihesabiwe. Kumwangusha mtu kutoka kusimama, jambo ambalo sisi watazamaji hulishangilia sana, hupata pointi 2 tu. Waliotunga sheria hizo walitaka kumfundisha mchezaji jambo moja: usiwe na haraka ya kudhuru, tafuta kwanza pa kukaa.

SIRI YA UZITO NA WENZO

Kwa nini mahali pawe na nguvu kuliko misuli? Mchukuzi wa bandarini au sokoni anaijua sehemu ya jibu. Gunia moja likibebwa mabegani hupelekwa mbali. Lilelile likibebwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele humshinda mtu hatua chache. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipokaa.

Ndivyo ilivyo mkekani. Mtu aliye juu akisimamisha magoti yake sakafuni, sakafu ndiyo inayoubeba uzito wake. Akiinua magoti kidogo, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu na kukilegeza kifua, uzito ule wote humwangukia aliye chini. Mtu wa kilo 60 anayejua hivyo huwa mzito kuliko mtu wa kilo 80 asiyejua. Aliye chini huhema kwa taabu, huchoka, na akisha kuchoka hufanya makosa.

Sehemu ya pili ya jibu ni wenzo. Fundi wa magari hainui gari kwa mgongo. Hutumia jeki, au hutafuta nondo ndefu na kipande cha gogo cha kuiegemeza. Mkunjo wa mkono ni wenzo huohuo. Ukiushika mkono wa mtu kwa mikono yako miwili, kiwiko chake kikawa juu ya nyonga yako kama egemeo, hapo si mkono wako unaopambana na mkono wake. Ni mwili wako mzima dhidi ya kiungo kimoja. Lakini nondo bila ya gogo haifai kitu, na gogo hilo ndilo mahali. Ndiyo maana wale wanaokimbilia mkono wa mtu kabla ya kumtuliza huambulia patupu, na mara nyingi hupinduliwa.

Sehemu ya tatu ni kiuno. Nguvu za mtu aliyelala hutoka nyongani. Anayekizuia kiuno ameyazuia mengine yote. Kwa hiyo mchezaji mzuri hashughuliki sana na mikono inayopapatika. Huuliza daima: kiuno cha mwenzangu kiko wapi, na changu kiko wapi?

ALIYE JUU MNGOJE CHINI

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Hawakuwa wakizungumza juu ya judo, lakini hawakukosea.

Kosa la kwanza la mtu aliyekaliwa ni kusukuma kwa mikono iliyonyooka. Hufanya hivyo kwa hofu, na kwa kufanya hivyo humkabidhi adui mikono yake mwenyewe. Kosa la pili ni kugeuka kifudifudi ili kukimbia, akautoa mgongo. Kosa la tatu ni kupapatika mfululizo hadi pumzi ikaisha. Mwalimu humfundisha mwanafunzi kwanza kutulia, kubana viwiko, kulinda shingo, na kuvuta pumzi fupifupi. Kisha humwonyesha njia mbili.

Njia ya kwanza huitwa daraja. Aliyekaliwa kifuani huushika mkono mmoja wa aliye juu, na kwa unyayo wake huuzuia mguu wa upande uleule. Halafu huinua kiuno juu kwa nguvu na kugeukia upande huo. Fikiri meza yenye miguu minne. Ukikata mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, yote ya upande mmoja, meza lazima ipinduke, hata iwe nzito namna gani.

Njia ya pili Wajapani wameipa jina la kamba wa baharini, yule tumlaye kwa wali. Mtu hulala ubavu, husukuma kwa unyayo, na kukirudisha kiuno chake nyuma kwa kujikunja kama kamba. Kila ajikunjapo hupata nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo huingiza goti. Goti likiingia, mguu hufuata. Mguu ukiingia, ngome imejengwa upya. Haba na haba hujaza kibaba. Katika vyuo vingi, zoezi hili la kujikunja hufanywa kuanzia siku ya kwanza, na mabingwa wenye mikanda myeusi hawaliachi.

WAJIBU WA ALIYE JUU

Tumefika penye kiini cha makala haya, nami nakuomba unisikilize kwa makini.

Kila mmoja wetu amepata kuona ugomvi katika kituo cha basi, kilabuni, au katika nyumba ya kupanga. Ndugu wawili wamegombania fedha. Kijana amelewa na anatukana watu. Jirani amepandwa na hasira. Wanaume wanaojaribu kumtuliza hawajui kushika. Wanamvuta shati, linachanika. Wanamsukuma, anaanguka na kuchubuka. Mwisho mmoja anampiga, na wengine wanafuata. Asiyejua kushika hubaki na njia moja tu, nayo ni kupiga. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu hii kwa jamaa: humpa mtu njia ya kumzuia mwenzake bila ya kumwaga damu.

Lakini faida hiyo ina upande wa pili, wenye kutisha. Tarehe 25 Mei, 2020, katika mji wa Minneapolis, Marekani, askari polisi alimwekea goti shingoni George Floyd, mtu aliyekuwa amekwisha kufungwa pingu na kulazwa kifudifudi. Askari huyo alikaa hivyo kwa zaidi ya dakika 9. Floyd alisema mara nyingi kwamba hawezi kupumua, na watu waliokuwa kando walisihi kwa ajili yake. Alikufa. Mwaka 1964 sekunde 30 zilitosha kumpata bingwa wa dunia nzima. Dakika 9 za nini, juu ya mtu aliyefungwa? Mwaka uliofuata mahakama ilimtia askari yule hatiani kwa kosa la kuua.

Mkekani kuna sheria iliyo takatifu kuliko zote. Mtu akipiga kwa kiganja chake mara mbili, juu ya mwili wa mwenzake au juu ya mkeka, mwenzake huachia papo hapo. Haulizi kwa nini, hangoji kidogo. Kabali ya kubana mishipa ya damu ya shingoni humzimisha mtu kwa sekunde chache tu, na ikiendelea huweza kumwua. Kwa hiyo mwenye kushika ndiye mwenye dhamana ya uhai wa mwenziwe. Hiyo ndiyo nguzo ya pili ya Kano ikifanya kazi: wewe na mwenzako mnufaike pamoja. Chuo kinachowafundisha vijana kubana bila ya kuwafundisha kuachia kinaandaa balaa.

KWA WAZAZI

Iwapo kijana wako, wa kiume au wa kike, ataka kujifunza, usimkatalie kwa sababu tu ni mchezo wa kupigana. Mchezo huu wafaa pia wasichana, kwa kuwa hufundisha mahususi namna ya kutoka chini ya mtu aliye mzito zaidi. Tena si wa Wajapani na Wazungu peke yao. Mwaka 2024 mjini Paris, Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alishindana katika judo ya Olimpiki, katika uzito wa chini ya kilo 73.

Hata hivyo, nenda kwanza wewe mwenyewe ukatazame. Je, mikeka ipo, nayo ni mizima? Kumtupa mtoto juu ya saruji ni kumvunja. Je, watoto wanafundishwa kwanza namna ya kuanguka? Je, kuna anayepiga mkono na asiachiwe? Je, mwalimu anawatenganisha wadogo na wakubwa? Watoto wadogo na waanze na kubana na kujinasua. Kabali na kukunja viungo havifai umri wao, na vyama vingi vya judo huvizuia kwao. Nyumbani pia wakataze kabisa kukabana shingo kwa mzaha, maana huko hakuna mwamuzi.

Na kijana mwenyewe aelezwe kwamba mkeka si barabara. Barabarani kuna mawe, chupa zilizovunjika, visu, na marafiki wa adui. Huko mtu mwenye busara haendi chini kwa hiari yake. Akiangushwa, hutumia elimu yake kuinuka upesi na kuondoka. Mbio nazo ni silaha, na mwenye kuondoka salama hakushindwa.

Basi, ndugu msomaji, wakianguka wote wawili, mshindi ni yule ajuaye mahali pa kukaa, anayengoja bila ya pupa, na anayejua kwamba uzito wake uko juu ya pumzi za binadamu mwenziwe. Mambo mawili ya kwanza mtu aweza kufundishwa na mwalimu yeyote mwenye mkanda mweusi. Hilo la tatu mtoto huanza kulijifunza nyumbani, kwa kutazama jinsi wazazi wake wanavyowatendea walio chini yao.